Fenesi la Laki Tatu

Nadaiwa fenesi. Sidaiwi shamba, wala mahari, wala ada ya mtoto. Fenesi. Deni lenyewe lilianzia kwenye kidole gumba na kidole cha shahada cha mkono wangu wa kulia, na kama hujawahi kushika gitaa la besi itabidi univumilie kidogo nikueleze vidole hivyo vilikuwa vinatafuta nini.

Kwa miaka mitatu nilipiga besi kanisani kwetu Busia, upande wa Uganda, kwa kidole kimoja tu. Shahada alikuwa anadonoa uzi na kurudi, anadonoa na kurudi, kama kuku kwenye mtama. Nyimbo zetu hazikudai zaidi ya hapo. Isitoshe, besi watu huisikia tumboni, na hakuna anayegeuka kumtazama mpigaji mpaka siku akikosea. Nilikuwa nimefichika vizuri sana nyuma ya spika.

Kisha tukaletewa kiongozi mpya wa kwaya kutoka Kampala. Akaja na wimbo wa siku ya mchango wa mabati, ule wimbo wa watu kutoka vitini na kucheza kuelekea mbele na noti zao mkononi. Akanigeukia: "Kaka, hapa nataka okteva."

Okteva ni noti ileile ya muziki yenye nyumba mbili, moja chini na nyingine ghorofani. Uzi wa A ukiupiga wazi hutetemeka mara 55 kwa sekunde. Ruka uzi mmoja, nenda uzi wa G, bana kwenye freti ya pili, kile kijiti cha chuma shingoni mwa gitaa, unapata A nyingine inayotetemeka mara 110. Ni mtu yuleyule, ila amevaa viatu virefu. Sasa zipige kwa zamu, chini, juu, chini, juu, bila kuchoka. Watu wa disko waliligundua zamani: hata mwenye goti bovu atatikisa kichwa.

Tatizo ni kasi. Wimbo wetu ulikwenda mapigo 120 kwa dakika, noti mbili kwa kila pigo, yaani noti nne kila sekunde. Kukituma kidole kimoja chini na ghorofani kwa mwendo huo ni kama kumtuma mtoto mmoja kisimani na dukani kwa wakati mmoja. Ukiita maji analeta sukari.

Nikaenda kwa mzee mmoja Mkongomani anayetengeneza redio karibu na soko, ambaye ujana wake aliumalizia kwenye baa za Kampala akipiga besi.

"Mzee, nimekwama."

Akanisikiliza nusu dakika, akanyoosha mkono kuomba gitaa. "Mtoto wangu, wewe chumvi unaitia mchuzini kwa kidole kimoja?"

"Hapana, mzee."

"Basi. Gumba akae kwenye uzi wa chini, shahada akae kwenye uzi wa juu. Kila mtu na mlango wake. Gumba anasukuma, shahada anavuta. Wengine watakwambia shahada apige chini na kidole cha kati kipige juu. Sawa, nao wanakula. Mimi nakupa ya kwangu." Akapiga. Redio zote mbovu mle dukani zikatetemeka mezani. "Na huyu uzi wa katikati ni shemeji mbea. Ncha ya shahada yako ya kushoto imguse kidogo tu, asiseme kitu."

Nilitoka pale nikibana hewa. Nilibana kila kitu. Nilibana mto wa kitanda, nikabana ukingo wa meza, nikabana mkanda wa suruali nikiwa foleni ya benki. Mji wetu huu wa mpakani ndiko boda boda zilikoanzia tangu enzi za baiskeli, kwa hiyo madereva wetu wameona mengi, lakini jioni moja nikiwa nimepakiwa nilijisahau nikaanza mazoezi kwenye mbavu za dereva. Gumba, shahada, gumba, shahada. Alivumilia mpaka kwenye kona, akasimamisha pikipiki, akavua kofia.

"Ssebo, mimi nina mke."

Sikuwa na la kujibu. Nililipa nikatembea.

Mazoezi yakazaa matunda, na tunda la kwanza likawa lengelenge kwenye shahada, la pili kwenye gumba, Jumamosi usiku, kesho yake mchango. Nikampigia mzee simu. Akacheka. Akaniambia wapiga besi wana dawa ya siku zote: supa gluu, ile ya fundi viatu. Tone moja juu ya lengelenge, inakuwa ngozi mpya, unapiga. Kisha akasema jambo la pili, nami nakiri nililisikia kwa sikio linalojiandaa kukata simu: "Lakini subiri ikauke kabisa kabla hujagusa kitu."

Jumapili nikajificha nyuma ya jenereta. Tone kwenye shahada. Tone kwenye gumba. Kwa kuwa lengelenge la gumba lilikuwa kubwa nikaongeza la pili, na la tatu kwa upendo. Nikapuliza. Ndani nikasikia kiongozi anaita, "Besi yuko wapi?" na mimi, mtumwa wa mazoezi ya wiki mbili, nikajibu kwa vidole. Nikabana. Mara moja tu, kuhakikisha.

Sikubanduka.

Baadaye niliambiwa kwamba gluu ile haisubiri hewa, hukamatishwa na unyevu. Na mimi nilikuwa natokwa na jasho kama mtungi. Kadiri nilivyoingiwa na hofu ndivyo nilivyozidi kunata. Nikautazama mkono wangu wa kulia: gumba na shahada wamefunga ndoa, duara safi kabisa, na vidole vitatu vilivyobaki vimesimama wima kama wapambe.

Nikakimbilia jikoni kwa akina mama. Mama mmoja akautazama ule mkono, akatikisa kichwa, akasema huo ni ulimbo wa fenesi, akaniloweka kwenye mafuta ya kupikia. Mafuta ni dawa ya kweli ya ulimbo wa fenesi. Kwa gluu ya fundi viatu yaliniongezea tu harufu ya chapati. Wa pili akashauri maji ya moto na sabuni, na hilo lingefaa, tena lingefaa sana, kama ningekuwa na nusu saa. Sikuwa nayo. Wa tatu akakumbuka kwamba binti mmoja wa kwaya hutembea na dawa ya kufutia rangi ya kucha. Yuko wapi? Yuko ndani, safu ya pili, gauni la njano.

Kanisani mnada ulikuwa umepamba moto. Anayejua michango yetu anajua: mtu asiye na pesa huleta jogoo, mkungu wa matoke, trei ya mayai, na wenye pesa huvigombea kwa bei ambayo sokoni ungeitiwa polisi. Wakati naingia mshereheshaji alikuwa amekumbatia fenesi kama mtoto mchanga.

"Elfu themanini kwa mzee wa kanisa! Themanini! Jamani, mabati hayanunuliwi kwa haya. Nani anafika laki? Laki ngapi? Nionyesheni kwa vidole!"

Nami nikainua mkono juu kabisa kumwita binti wa gauni la njano.

Vidole vitatu. Na sifuri.

"Laki tatu!" Mshereheshaji karibu aliangushe lile fenesi. "Laki tatu kutoka kwa mpiga besi wetu! Kijana mnyenyekevu, anayejificha nyuma ya spika kumbe ana moyo!"

Nikatikisa kichwa. Nikapunga mkono kukataa, na ule mkono, ukipungwa, ulizidi kusema laki tatu, laki tatu, laki tatu. Vigelegele vikafunika sauti yangu. Mchungaji akasimama na kunipigia makofi. Ukishapigiwa makofi na mchungaji, mweleze nani kuhusu gluu?

"Apewe wimbo wake!" mshereheshaji akaamuru. Mpiga ngoma akahesabu, kinanda kikaingia, na pale pa besi pakawa kimya. Wote wakanigeukia. Ndiyo maana nasema besi hutazamwa siku ikikosekana.

Nikavaa gitaa. Gumba na shahada hawapo kazini, basi nikamteua kidole cha kati kuwa gumba, na cha pete kuwa shahada. Sijui kama umewahi kujaribu kukituma kidole cha pete peke yake. Hakiendi. Mishipa yake imefungamana na ya jirani, akiamka mmoja na mwingine anaamka. Badala ya chini, juu, chini, juu, zikatoka zote mbili kwa pamoja, pooo, kisha kimya, pooo, kisha kimya, kama meli inayoaga bandari. Lile duara langu likawa linagonga mwili wa gitaa, ko, ko, katikati ya noti. Waumini walicheza. Niseme ukweli, walicheza kuliko siku zote, na bibi mmoja akaja kunibandika noti ya elfu moja kwenye paji la uso, nayo ikanata bila gluu kwa lile jasho.

Kiongozi wa kwaya alinifuata baada ya ibada. Nilidhani ananifukuza.

"Ile ko-ko umeitoa wapi? Tuiweke kila Jumapili."

Binti wa gauni la njano alinibandua taratibu kwa asetoni na pamba, akicheka mpaka mkono ukimtetemeka. Ngozi kidogo ilibaki kwa gumba, kidogo kwa shahada, wakagawana kama wanandoa wanaoachana.

Mzee wa hazina hakucheka. Alifungua daftari, akaandika jina langu na tarakimu, tukakubaliana elfu 25 kila mwezi. Mwaka mzima. Dereva wa boda boda niliyempata kunirudisha na fenesi alikuwa yuleyule. Akanitazama, akalitazama fenesi, akalipakia katikati yetu.

Nyumbani nikalitua mbele ya mama yangu na kumweleza bei. Hakusema neno. Akaliinamia, akaligonga kwa kifundo cha kidole mara mbili, akatega sikio kama anayesikiliza besi.

"Mwanangu," akasema, "halijaiva."