Mba za kwenye lenzi: tuilaumu jeni au jua?

Mwaka 1917, John Lindberg wa Ufini alieleza vipande vyeupe, mfano wa mba, alivyoviona kwenye ukingo wa mboni na juu ya lenzi za wagonjwa wa presha ya macho. Leo hali hiyo inaitwa sindromu ya eksifoliesheni, na ubishi juu ya chanzo chake haujaisha.

Mgonjwa akitiwa matone ya kupanua mboni na kukalishwa mbele ya darubini, daktari huona katikati ya lenzi utando mweupe wa mviringo, kisha pete safi, kisha mba zilizogandamana pembezoni. Pete ile ni safi kwa sababu mboni, kila inaposinyaa na kupanuka, huikwangua. Yanayokwanguliwa, pamoja na chembe za rangi ya jicho, huelea hadi kwenye kichujio cha kutolea maji ya jicho na kukiziba. Presha hupanda. Nyuzi zinazoshikilia lenzi nazo hulegea, jambo linalomtia wasiwasi kila mpasuaji wa mtoto wa jicho.

Wanaoilaumu jeni wana hoja nzito. Mwaka 2007, utafiti wa Aisilandi na Uswidi uliihusisha hali hii na jeni ya LOXL1, inayotengeneza kimeng'enya cha kuunganisha nyuzi za elastini, protini inayonyumbuka. Mba zenyewe zimejaa protini za nyuzi hizo, fibrilini ikiwemo. Lakini watu wengi sana wasiougua wanabeba jeni ya namna ileile. Isitoshe, umbo la jeni linalowahatarisha watu wa Aisilandi limeonekana kugeuka kinga kwa Waafrika Kusini weusi. Hapo mimi nasita: kitu kinachobadilika kuwa adui au mlinzi kutegemea ukoo hakiwezi kuwa chanzo peke yake.

Wengine wanataja mionzi ya jua, hasa inayoakisiwa na theluji na maji, kwani ugonjwa umeenea mno Skandinavia. Basi waeleze Wainuit, wenyeji wa Aktiki. Wameishi kwenye theluji vizazi na vizazi, na daktari wa macho wa Ufini, Henrik Forsius, alipowachunguza hakuupata. Ethiopia, isiyo na theluji hiyo, inao kwa wingi. Jua la nyanda za juu huenda linachangia, ila halitoshi.

Binafsi naegemea upande usiozungumzwa sana: usafi wa ndani ya jicho lenyewe. Kwenye maji ya jicho la wagonjwa hawa vitamini C hupungua, na vilevile klasterini, protini inayozuia nyingine zisigandamane. Seli zao pia huchelewa kumeng'enya taka zao. Jeni inaweza kuongeza nyuzi mbovu na jua likazichakaza, lakini zinarundikana kwa sababu hakuna anayefagia. Ndiyo maana hata lenzi ya asili ikiondolewa na ya plastiki kuwekwa, baada ya miaka kadhaa mba hizohizo huonekana juu ya plastiki.