Kabla ya kulisifu umbo la Aqua, tazama slabu zake

Wengi wanamjua Jeanne Gang, msanifu majengo wa Marekani, kwa picha moja tu: ghorofa jeupe la Chicago ambalo kuta zake zinaonekana kama maji yaliyotikiswa na upepo. Ndilo Aqua, lenye ghorofa 82 na urefu wa mita 262 hivi, lililokamilika 2009. Kwa maoni yangu picha hiyo inampunja. Kazi za mama huyu zingefaa zisomwe kwanza na mafundi zege na wahandisi, maana maumbo yake huanzia kwenye nyenzo: inabeba nini, inapasukia wapi, na fundi wa saiti ataishika vipi.

Alizaliwa 1964 Belvidere, Illinois, mtoto wa mhandisi wa ujenzi. Alisoma Chuo Kikuu cha Illinois, kisha Harvard, akafanya kazi Rotterdam kwa msanifu Rem Koolhaas, na 1997 akafungua ofisi yake Chicago. Mwaka 2003 alitundika pazia la marumaru katika jumba la makumbusho ya ujenzi mjini Washington: vipande zaidi ya 600 vyembamba hadi mwanga unapenya, kila kimoja kikining'inia kwa jirani yake. Jiwe huvumilia kukandamizwa. Kulivuta ndiko kunakolipasua. Yeye akachagua kulivuta, apate kujua mpaka wake uko wapi.

Aqua ndilo lililokuwa jengo lake refu la kwanza, na siri yake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Ndani ni boksi la kawaida. Ukuta wa vioo umenyooka. Kinachobadilika ni ukingo wa slabu tu, yaani sakafu ya zege ya kila ghorofa, unaochomoza nje hadi mita 3.7 hivi mahali pengine, na pengine haupiti kioo kwa kiasi cha maana. Hakuna ghorofa mbili zenye ukingo unaolingana. Mkandarasi hakuhitaji kujenga minara 82 tofauti. Alihitaji kufunga upya boksi la ukingo, yaani fremu ya kumwagia zege, kila ghorofa kwa kufuata vipimo vilivyotoka kwenye modeli ya kompyuta. Hesabu hiyo ndiyo iliyofanya jengo la kupangisha na kuuza liweze kujengeka, na kwangu huo ndio usanifu wake hasa.

Mawimbi yale yana kazi nyingine pia. Upepo ukipita kwenye jengo refu lenye uso laini, huachia mizunguko ya hewa kwa zamu, kushoto kisha kulia. Zamu hizo zikilingana na mtikisiko wa asili wa jengo, watu wa juu wanaanza kuhisi kizunguzungu. Kingo zisizofanana zinauvuruga upepo usipate mpigo mmoja, na Aqua halikuhitaji uzito wa kutuliza mtikisiko kule juu.

Anayetaka kuiga slabu za namna hiyo akumbuke kitu kimoja kabla ya urembo. Slabu inayochomoza bila nguzo huvutwa upande wa juu, kwa hiyo nondo kuu hukaa juu, si chini kama ilivyo katikati ya chumba. Kosa la kawaida saiti ni mafundi kuzikanyaga wakati wa kumwaga zege hadi zinazama. Slabu itaonekana nzima siku ya kufungua mbao, kisha nyufa zitatokea juu, pale inapokutana na ukuta. Nondo ziwekewe viti imara vya kuzishikilia juu, na watu wapite juu ya mbao.

Sasa lawama, nayo ni ya haki. Slabu za Aqua zinatoka sebuleni hadi nje bila kukatizwa. Chicago wakati wa baridi kali, zege hilo linafanya kazi kama bomba la kutolea joto: ndani linapashwa, nje linapozwa, ghorofa baada ya ghorofa. Wataalamu wa joto la majengo walilisema hilo waziwazi. Dawa inajulikana: kipande cha kuzuia joto kinachowekwa kwenye mstari wa ukuta, nondo zikipita ndani yake. Kinaongeza gharama na kazi ya kufunga nondo, lakini naona jengo lenye akili kiasi kile kuhusu upepo lilistahili akili hiyo hiyo kuhusu joto.

Jengo lake la baadaye, St. Regis, lina ghorofa 101 na lilikamilika 2020 umbali mfupi kutoka hapo. Habari nyingi ziliishia kwamba ni jengo refu kuliko yote yaliyobuniwa na ofisi ya mwanamke. Mimi navutiwa zaidi na ghorofa ya 83: imeachwa wazi, bila makazi wala vioo, upepo upite katikati. Juu kuna matangi ya maji ambayo msukosuko wake unapingana na mtikisiko wa jengo.

Lakini kazi ninayoipenda kuliko zote ni ndogo. Ni kituo cha jamii cha Lavezzorio, kusini mwa Chicago, cha 2008, kilichojengwa kwa bajeti finyu na zege la msaada. Michanganyiko haikufanana, na msanifu mwingine angepiga plasta aifiche. Gang aliacha tabaka zionekane ukutani, zikipanda na kushuka kama matabaka ya udongo kwenye korongo.

Miaka kumi na mitano baadaye, kwenye jengo la Gilder la makumbusho ya viumbe asilia New York, lililofunguliwa Mei 2023, zege lilipulizwa moja kwa moja juu ya nondo zilizokunjwa kufuata umbo la pango. Hapo mshika bomba ndiye kila kitu. Anapaswa kupuliza kwa pembe mraba na uso, kwa umbali wa mita moja hadi moja na nusu hivi, akianzia nyuma ya nondo. Akiinamisha bomba, mchanga na kokoto zinaruka na kubaki nyuma ya chuma kama mfuko wa mchanga usioshikana, na kutu itaanzia humo. Mabaki yaliyoanguka sakafuni hayarudishwi ukutani. Yamekwisha kupoteza saruji yake. Kuta zile za pango hazikufunikwa kwa kitu kingine, kwa hiyo mgeni anayepita leo anaugusa mkono wa fundi.