Ndoo ya mwenzangu na wastani wa 50

Shemeji yangu kanipigia simu wiki iliyopita. Binti yake anamaliza darasa la saba mwaka huu, na kwa kuwa mimi nilisoma kwa masista, ukoo mzima umenifanya msemaji wa shule zote za Kikatoliki nchini. Hakuuliza mengi. "Shemeji, pale wanafaulisha?" Nikamjibu, wanafaulisha. Nilipokata simu nikabaki nimeishika mkononi, maana nilijua nimempa nusu ya jibu.

Shule yenyewe iko Nyanda za Juu Kusini, mahali ambapo mwezi wa sita maji ya bomba yanauma vidole. Sitaitaja, kwa sababu nina la kuilalamikia, na baadhi ya masista walionilea bado wananitumia salamu za Noeli. Niliingia kwa mtihani wa kujiunga, kanisa zima limejaa watoto wenye kalamu mbili mbili, tukachukuliwa wa mikondo miwili tu. Kisha ikaja ile karatasi ya mahitaji: godoro la futi mbili na nusu, shuka za bluu, jembe lenye mpini, fagio la chelewa, rimu ya karatasi, ndoo yenye mfuniko. Baba aliisoma akauliza kama naenda shule au naenda kulima. Nilienda kufanya yote mawili. Jumamosi tulikuwa shambani kwenye kabichi au bandani kwa nguruwe, na hadi leo nikisikia harufu ya pumba nakumbuka Jumamosi.

Nianze na mema, na ni mengi. Kengele yetu ilikuwa ringi ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa kwenye mkaratusi. Ikigongwa saa moja na nusu jioni, wasichana zaidi ya mia tatu wanaingia madarasani na husikii hata kiti kikiburutwa. Prepo. Hakuna anayefundisha. Uko wewe, daftari lako na taa, mpaka saa nne. Sista wa zamu anapita varandani amevaa raba, makusudi, ili usimsikie anapokuja. Wiki ya kwanza nilisinzia nikapiga paji la uso kwenye meza. Kufikia muhula wa pili nilikuwa nimegundua jambo ambalo shule ya msingi hakuna aliyewahi kuniambia: ukikaa na swali la hesabu dakika arobaini bila kuinuka, lenyewe linaanza kukusemesha.

Na alikuwapo sista wa Hisabati. Alikusanya madaftari saa kumi jioni, asubuhi yako mezani yote yamesahihishwa kwa wino wa kijani, na duara amelichora pale kosa lilipoanzia, hata kama ni mstari wa pili kati ya kumi na miwili. Jibu la mwisho hakulijali sana. Mwalimu wa shule ya kata mwenye darasa la watoto themanini hawezi hilo hata angependa. Bureti, ile mirija ya kupimia ya maabara ya Kemia, niliishika kwa mikono yangu kidato cha pili, nikaja kukutana chuoni na watu ambao mtihani wa vitendo waliufanyia kwenye karatasi. Kwa hiyo mtu akiniambia shule za Kanisa ni jina tu, namwambia hapana.

Dini haikuwa kali kama watu wanavyodhani. Misa ya Jumapili tulikwenda wote, na msichana mmoja Mwislamu wa kutoka Kondoa aliimba Tantum Ergo kwa Kilatini kilichonyooka kutushinda sisi tuliobatizwa. Ramadhani jikoni walimwekea futari kwenye hotpoti. Kilichokuwa kikali ni Kiingereza. Maungamo tulifanya kwa Kiswahili, kwaya tuliimba kwa Kiswahili, lakini ukikutwa unakizungumza njiani kwenda bwaloni unavikwa kibao shingoni, unakaa nacho mpaka umnase mwenzako. Kibao kile sitakitetea hata siku moja. Kilitufundisha kunyamaza.

Sasa ile nusu nyingine.

Shule yetu ilikuwa na wastani wake, 50. Ukishuka chini unaonywa. Ukishuka tena mwisho wa kidato cha pili, barua inamsubiri mzazi wako siku ya kufunga shule. Kama mtihani wa taifa wa kidato cha pili umeufaulu, hilo ni lako na serikali. Mwenzangu wa dabo deka, yeye juu mimi chini, alipata 48. Fizikia na Hisabati ndizo zilizomvuta. Kwenye Baiolojia na Kiswahili alikuwa ananiacha mbali. Orodha ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo asubuhi, mabasi yakiwa tayari yanaunguruma nje ya geti. Hakulia. Alifunga tranka lake, akajaribu kufuli mara mbili kama limeshika, kisha akaniachia ndoo kwa sababu kwenye basi ingemsumbua. Ilikuwa ya bluu, jina lake limeandikwa kwa rangi nyeupe ya mafuta. Niliogea ndoo hiyo mpaka kidato cha nne. Herufi mbili za mwisho zilibanduka, zilizobaki ziligoma.

Tulioanza mikondo miwili iliyojaa, siku ya picha ya kumaliza tukatosha kwenye ngazi za kanisa. Matokeo yalipotoka, ng'ombe akachinjwa: hakuna sifuri, hakuna divisheni ya nne. Na ingetoka wapi?

Nimejiuliza sana desturi hii tumeitoa wapi, na nadhani imetoka seminarini. Baada ya Sheria ya Elimu ya 1969, serikali ilitaifisha shule nyingi za madhehebu, Pugu ikiwamo, ambako Mwalimu Nyerere mwenyewe alifundisha mpaka alipojiuzulu mwaka 1955 kwa ajili ya TANU, na ambako Mzee Mkapa alisoma. Seminari ndogo ziliachwa, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuandaa mapadri. Rubya, Kaengesa, Likonde, Maua na nyinginezo zikabaki mikononi mwa Kanisa, zikiwa na wavulana wachache waliochaguliwa parokia kwa parokia, na kwa kufaulisha zikajijengea jina lisilofutika. Kule, kumrudisha kijana nyumbani kulikuwa na maana yake. Gombera, yaani padri mkuu wa seminari, akikwambia huna wito, anakwambia upadri si njia yako, katafute nyingine. Inauma lakini inaeleweka. Seminari ni chujio tangu siku ya kwanza, na hakuna anayedanganywa.

Shule nyingi za Kanisa tulizo nazo leo si seminari, lakini nyingine zimelirithi lile chujio bila ule wito. Binti wa miaka kumi na tano aliyekuja kujifunza Jiografia, ni wito gani anaoukosa kwa alama mbili?

Serikali imekwishakataza zaidi ya mara moja shule binafsi kukaririsha au kuondoa watoto kwa kigezo cha wastani wao. Wazazi ninaozungumza nao wanasema barua siku hizi hakuna. Unaitwa ofisini, unapewa soda, unashauriwa umtafutie mtoto "mazingira yatakayomfaa". Mwanzoni mwa 2023 NECTA, Baraza la Mitihani la Taifa, iliacha kutangaza shule kumi bora, nikafurahi nikidhani mbio zitapoa. Wapi. Orodha zimehamia WhatsApp, na barabarani kuna mabango yenye picha za watoto waliopata wani ya saba, yaani divisheni ya kwanza ya juu kabisa, majina na tabasamu.

Nisiwaonee masista. Wanaoagiza bidhaa hii ni sisi. Ada ya shule ya serikali ilifutwa kwa kidato cha kwanza hadi cha nne tangu 2016. Anayeamua kulipa mamilioni kwa masista anataka kuona risiti, na risiti ni divisheni. Shule ikimvumilia mtoto wa 48 na mwishowe akapata divisheni ya tatu, mzazi wa jirani hatauliza alianzia wapi. Atasema shule imeshuka. Nimewahi kusema hivyo mimi mwenyewe kuhusu shule ya watu.

Mwenzangu nilikuja kukutana naye miaka mingi baadaye, stendi ya Mbeya, amevaa sweta juu ya sare ya uuguzi. Nikajiandaa kusikia lawama, hata nikawa nimepanga maneno ya kumpoza. Akanisimulia kwamba shule ya kata aliyohamia haikuwa na mwalimu wa Fizikia tangu anaingia mpaka anamaliza. Lakini nyumbani alijiwekea prepo. Saa moja na nusu mdogo wake anagonga sufuria nyuma ya jiko, yeye anawasha kibatari, na mpaka saa nne hakuna ruhusa ya kumtuma dukani. Mama yake alilalamika, kisha akazoea, kisha akawa yeye ndiye anayewanyamazisha majirani. Alipata divisheni ya pili.

Kwa hiyo shule ilimfundisha. Alichojifunza kwa masista alikwenda nacho ndani ya lile tranka, kikafanya kazi kwenye nyumba isiyo na umeme. Ila masista hawana pa kumwandika: kwenye waliofaulu hayumo, kwenye waliofeli hayumo. Sista wa Hisabati hajui kwamba duara zake za kijani zilizaa muuguzi. Nilitaka kusema kitu kuhusu hilo, yeye akawa ameshacheka. "Ndoo yangu iko wapi?"

Nikampigia shemeji tena. Nikamwambia mpeleke, lakini siku ya kuchukua fomu uliza swali moja pale ofisini: waliomaliza kidato cha nne mwaka jana, walipoanza kidato cha kwanza walikuwa wangapi? Wakikutajia namba zote mbili bila kutafuta miwani, lipa. Akasema sawa shemeji, hilo ni swali la maana sana.

Jana amenitumia picha ya risiti ya fomu. Mtihani wa kujiunga ni Jumamosi ijayo, saa mbili asubuhi, mtoto aje na kalamu mbili. Nikamuuliza kama aliuliza lile swali.

"Shemeji," akaandika, "foleni ilikuwa ndefu."