Kabla ya gitaa kulikuwa na litungu

Katika makala yenu kuhusu mzee mpiga gitaa wa Butere, magharibi mwa Kenya, mwandishi anasema mzee huyu alijifunza gitaa kwa kusikiliza redio ya jirani tu. Redio siibishii, hata sisi kwetu Bungoma ilitulea. Lakini hebu angalieni kidole gumba chake kwenye ile video mliyoweka: kinapiga besi bila kupumzika huku kidole cha shahada kikiimba juu. Huo ni omutibo, mtindo wa gitaa wa akina George Mukabi, mwanamuziki wa Kenya aliyefariki 1963, na masikio yangu yanasikia litungu mle ndani, ile ala yetu ya jadi, nyuzi zake 7 zikijibizana.

Babu yangu alikuwa nalo. Jioni akishakaa kwenye kigoda, sisi wajukuu tulikuwa tunagombania chupa ya Fanta ya kumpigia mdundo. Si chupa yoyote, ni ile ya zamani yenye mikunjo, maana ukiikwaruza kwa kijiko inachakacha vizuri. Chupa laini inalia ting'i ting'i tu kama kengele ya baiskeli. Siku moja niliiangusha ikavunjika. Nilichapwa, na wala si kwa ajili ya muziki: chupa ilikuwa bado inadaiwa dukani!

Kwa hiyo mwandishi, ukirudi Butere, usimwulize tena mzee kuhusu redio. Mwulize ni nani alikuwa anapiga matangani pale kijijini yeye akiwa mdogo, na yeye alikuwa ameketi wapi. Na tafadhali wekeni video ndefu kidogo, hii imekatika wimbo ulipoanza kunoga.