Ukuta wa Chokaa Usipigwe Saruji

Nikifika kwenye jengo la kale, kwanza hubisha ukutani kwa kifundo cha kidole, taratibu. Lipu iliyoshika hutoa sauti nzito. Iliyoachana na jiwe hulia utupu, nami huizungushia chaki. Kutwa nzima inaweza kuisha hivyo, kubisha na kusikiliza, kabla sijagusa chombo chochote.

Kwa miaka yote ya kazi hii ya kukarabati majengo ya kale kuna jambo moja nimelisema na nitazidi kulisema: saruji inaziua kuta zetu za pwani.

Kilwa Kisiwani, Songo Mnara, Gedi, Mji Mkongwe wa Unguja, kote huko wazee walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa kwa magogo kisha yakaloweshwa maji. Ikishapakwa hunyonya hewa ya ukaa polepole mpaka inarudi kuwa jiwe, lakini jiwe lenye vitundu. Unyevu unaopanda kutoka ardhini hupita humo ukakaukia nje. Saruji huiziba njia hiyo. Na maji ya pwani hayaji peke yake, yana chumvi. Chumvi ikiganda nyuma ya saruji hutanuka, ikalisaga jiwe. Kwa nje ukuta unapendeza, kwa ndani ni unga mtupu.

Niliwahi kubandua kiraka cha saruji katika nyumba moja ya zamani. Kilitoka kizima, kigumu kama sahani, na kikaondoka na uso wa kidaka, kishubaka cha ukutani, kilichokuwa na nakshi za majani. Nilipokigeuza, nakshi zikamwagika kiganjani kama chumvi ya mezani. Fundi aliyekipaka simlaumu. Aliambiwa azibe ufa haraka kabla wageni hawajafika, na saruji inauzwa duka la jirani, ilhali chokaa nzuri huloweshwa miezi kadhaa kabla ya kutumika. Lawama ni ya anayetoa kazi bila kutoa muda.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakatajwa kuwa hatarini 2004, yakaondolewa katika orodha hiyo ya hatari 2014. Miaka kumi! Ndivyo mambo haya yanavyokwenda, hata pale yanapokwenda vizuri.

Kwenye lipu za kale za Kilwa na Gedi kuna vyombo vya baharini vilivyochorwa kwa ncha ya kitu kikali, matanga na kamba zake. Mkwaruzo wenyewe ni mwembamba sana. Pakamo moja la mwiko wa saruji, na chombo kimezama.

Juzi nilishinda kwenye kipande cha lipu kisichozidi kiganja. Nilisukuma chokaa laini nyuma yake kwa bomba la sindano, nikaishikilia kwa pamba mpaka ikashika, nikaifunika kwa gunia bichi isikauke kwa pupa. Jioni msimamizi akaniuliza nitamaliza lini. Nikamwomba magunia mengine mawili.