Mia tano ya mtoto kwa mwezi mzima

Shule ya msingi ya serikali Tanzania hupangiwa ruzuku ya Sh10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, Sh4,000 hubaki juu serikalini kwa ajili ya vitabu, na Sh6,000 ndizo zinazoingia kwenye akaunti ya shule. Gawa kwa miezi 12 utapata Sh500. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika wilaya moja ya Kanda ya Ziwa, na leo nataka tuizungumzie hiyo mia tano, kwa sababu mengi yanayonikera katika kazi hii nikiyafuatilia hadi mwisho naikuta imekaa pale.

Kwanza haki isemwe. Elimu bila malipo iliyoanza Januari 2016 ni jambo jema na silipingi. Ninao watoto darasani ambao, kama ada na michango ya lazima ingeendelea, leo wangekuwa wanachunga ng'ombe au wanaponda mawe ya dhahabu. Na utaratibu wa Hazina kupeleka fedha moja kwa moja kwenye akaunti za shule, zaidi ya Sh18 bilioni kila mwezi tangu mwanzo ule, uliondoa mlolongo mrefu wa zamani ambao fedha ziliishia njiani. Walimu wakuu waliokuwepo kabla ya hapo wanakumbuka jinsi ruzuku ilivyokuwa ikija kwa kudokoa, na miezi mingine isije kabisa. Sasa inakuja. Mtu yeyote asinisome kama ninayetaka turudi kulikokuwa.

Kinachoniuma ni kiwango. Hiyo Sh10,000 haikukokotolewa 2016. Ilitoka kwenye Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ule tuliouita MMEM, ulioanza 2002 baada ya ada kufutwa. Wakati ule ilipangwa dola 10 za Kimarekani kwa kila mtoto, na dola moja ilikuwa chini kidogo ya Sh1,000. Dola 10 zile zile leo ni kama Sh25,000. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza 2002 sasa ana miaka kama 30, na wapo wenzake ambao tayari wanatuletea watoto wao kuandikishwa. Mzazi alihesabiwa elfu kumi, na mwanawe anahesabiwa elfu kumi. Katika muda huo mishahara imepanda, nauli imepanda, bei ya saruji imepanda, na bajeti ya nchi imekua mara nyingi. Sijui ni kitu gani kingine nchini kinachonunuliwa kwa bei ya 2002.

Chukua mitihani peke yake. Darasa la saba wana masomo 6: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Teknolojia, Maarifa ya Jamii, Uraia na Maadili. Tuseme kila mtihani una kurasa 4. Hizo ni kurasa 24 kwa mtoto mmoja. Mjini kwetu, ukibembeleza upewe bei ya jumla, kurudufu ukurasa mmoja ni Sh50. Mtoto mmoja, kwa mtihani wa mara moja tu, ni Sh1,200. Sasa kuna mitihani ya mihula, kuna ya kata, kuna ujirani mwema wa shule jirani, kuna mock (majaribio) ya wilaya, kuna ya mkoa, na kila ngazi ikiagiza mtihani inaagiza bila karatasi. Watoto wakiufanya mara nne kwa mwaka, Sh4,800 kati ya Sh6,000 zimekwisha, na hatujanunua chaki. Halafu matokeo yanapotoka, shule iliyoandika maswali ubaoni kwa kukosa karatasi inapangwa kwenye jedwali moja na shule ambayo watoto wake walipewa mtihani uliochapwa, na mwalimu mkuu anaitwa kujieleza.

Baada ya mitihani yanabaki mambo ambayo hayajali watoto ni wangapi. Mlinzi, umeme wa LUKU, kufuli za milango, shajara, rejesta, nauli ya mwalimu mkuu kwenda halmashauri. Shule yenye watoto 200 inapata Sh100,000 kwa mwezi, na inahitaji mlinzi mmoja sawasawa na shule yenye watoto 1,000 inayopata Sh500,000. Ruzuku ya kuhesabu vichwa inaiumiza zaidi shule ndogo ya pembezoni, ile ambayo tayari haina nyumba za walimu, ambayo mwalimu mpya akipangiwa anaanza kutafuta uhamisho kabla hajafungua begi. Hili sijawahi kusikia kiongozi akiligusa, na kwangu ndilo baya kuliko yote, kwa sababu kulirekebisha hakuhitaji mabilioni: ipangiwe kila shule fedha ya msingi ya kuendeshea, isiyotegemea idadi, kisha ndipo vihesabiwe vichwa.

Pengo linazibwa na nani? Hapa ndipo mwalimu wa serikali anapobanwa pande mbili. Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango mashuleni, na nilimwelewa, kwa sababu kulikuwa na shule zilizomrudisha mtoto nyumbani kwa kukosa hela ya dawati. Lakini marufuku ilikuja bila fedha ya kuziba nafasi ya michango hiyo. Mchango wa hiari unaruhusiwa kwa kibali, kibali kinapita ngazi kadhaa, na mwalimu mkuu mwenye busara anaona heri akae kimya kuliko kuitwa na kuulizwa kwa nini anachangisha. Kwenye kikao cha wazazi mzee mmoja husimama na kusema, kwa heshima kabisa, "Mwalimu, sisi tuliambiwa elimu ni bure. Hii hela ya mtihani inatoka wapi?" Mzee huyo hana kosa. Ndivyo alivyoambiwa kwenye mkutano wa hadhara. Hakuna aliyemsomea Waraka wa Elimu Na. 3 wa 2016, unaosema sare, madaftari, kalamu, chakula cha mchana na matibabu vinabaki kwa mzazi. Kazi ya kumwambia ukweli huo ameachiwa mwalimu, na mwalimu ndiye anayeonekana mchoyo na mla hela.

Basi pengo linazibwa na mshahara wetu. Mwalimu wa darasa la kwanza ananunua manila na kalamu za rangi ili watoto waone herufi. Mwalimu wa sayansi anabeba ndimu, majivu na mishumaa kutoka jikoni kwake. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 tuligawiwa, na vitabu vya Taasisi ya Elimu vimo mtandaoni, lakini bando ni la kwako. Hakuna anayetulazimisha, hilo ni kweli. Ila mthibiti ubora, yule mkaguzi wa shule, akija na kukuta huna zana, anayeandikwa kwenye ripoti ni wewe.

Nimesikia hoja kwamba serikali imewekeza sana kwenye elimu, na madarasa yanayoonekana ni ushahidi. Ni kweli madarasa yamejengwa. Mwishoni mwa 2021, kwa fedha za UVIKO-19, vilijengwa vyumba 15,000 kwa mkupuo mmoja, na yeyote aliyewahi kufundisha chini ya mwembe anajua thamani yake. Lakini darasa lina siku ya kuzinduliwa, utepe unakatwa, picha zinapigwa. Rimu ya karatasi haizinduliwi. Mwalimu wa ziada hazinduliwi. Kiwango cha taifa ni mwalimu mmoja kwa watoto 45, na mimi nasimama mbele ya watoto zaidi ya mia moja, wengine wameketi sakafuni karibu na mlango. Wakati huohuo mtaani kwetu kuna vijana wenye vyeti vya ualimu, waliofaulu, wanaoendesha bodaboda na kufungua mfumo wa ajira kila asubuhi kuona kama nafasi zimetangazwa. Mmoja wao alikuja kujitolea kwetu. Tulishindwa hata kumpa nauli, kwa sababu ile mia tano haina fungu la mtu wa kujitolea, na wazazi hatukuthubutu kuwaomba.

Nayaandika haya sasa kwa sababu kuna jambo linakuja na muda ni mfupi. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa darasa la kwanza na la tatu, na elimu ya msingi inapunguzwa kutoka miaka saba hadi sita. Walioingia darasa la tatu mwaka ule watamaliza la sita 2027. Walioingia la nne watamaliza la saba 2027 hiyohiyo. Madarasa mawili yanahitimu pamoja, na Januari 2028 yanagonga mlango wa kidato cha kwanza pamoja. Tulishayaona haya mara mbili. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, elimu ya msingi kwa wote iliwajaza watoto madarasani, na nchi ikalazimika kuokoteza walimu wa mafunzo ya haraka. Tukayaona tena 2016, darasa la kwanza lilipofurika na sisi tukawa walewale. Mara zote mbili mlango ulifunguliwa kwanza, maandalizi yakafuata yakikimbia. Safari hii tarehe inajulikana miaka kabla. Kila mtoto ana jina na namba ya usajili. Hakuna wa kusema hakujua.

Ninachotaka kinaandikika kwenye karatasi moja. Kiwango cha ruzuku kikokotolewe upya kwa bei za leo, na kiangaliwe kila mwaka wa bajeti kama kinavyoangaliwa kitu kingine chochote. Hesabu yake itangazwe: chaki kiasi gani, mitihani kiasi gani, umeme kiasi gani, ili mwalimu na mzazi wasome karatasi moja. Kila mtihani unaoagizwa kutoka juu uje na fedha yake, na usipokuja nayo usifanyike. Na walimu wa 2028 waajiriwe kabla ya 2028.

Bunge la bajeti hukaa Aprili hadi Juni, Dodoma. Mzazi unayesoma hapa, mbunge wako ana simu na ana ofisi jimboni. Muulize swali moja tu: Sh10,000 ya mwanao ilipangwa lini, na mara ya mwisho alisimama bungeni lini kuuliza kama bado inatosha? Sisi walimu tukiuliza tunaambiwa tufuate ngazi. Wewe huna ngazi ya kufuata.