Chipukizi akishindwa, nani huzungumza naye kwanza?

Agosti 2009, jijini Berlin, mkimbiaji Mkenya David Rudisha alitolewa nusu fainali ya mita 800 kwenye Mashindano ya Dunia. Alikuwa na miaka 20, naye alishakuwa bingwa wa dunia wa vijana mwaka 2006. Mwaka uliofuata, Berlin hiyohiyo, akavunja rekodi ya dunia kwa 1:41.09, na wiki moja baadaye, mjini Rieti, akaivunja tena kwa 1:41.01. Sidhani kama miguu peke yake inaeleza hayo.

Makocha wengi wa Bonde la Ufa wataniambia ni njaa: mtoto anayeujua umaskini haachi mazoezi. Wasibezwe. Emmanuel Wanyonyi, Mkenya mwingine wa mita 800, aliacha shule akiwa mdogo akachunga ng'ombe, na zawadi ya mbio moja ya nje hununua shamba. Njaa humwamsha kijana saa kumi na moja alfajiri, kwenye baridi ya Iten, bila kusukumwa.

Ila humwamsha tu. Kijana aliyeambiwa kwamba paa la mamake liko miguuni mwake, akiwa wa nne huona nyumba imebomoka. Huyo ndiye anayeficha maumivu ya goti na kugeuza mazoezi mepesi kuwa fainali. Mtazame akimaliza mzunguko: hata hajavuta pumzi, macho yameshakimbilia uso wa kocha.

Wanaotaka subira huambiwa wanadekeza watoto. Lakini subira haikumdhoofisha Rudisha: aliyemlea ni Colm O'Connell, mwalimu wa jiografia kutoka Ireland aliyefika shule ya St Patrick's, Iten, mwaka 1976 bila kuwahi kufundisha riadha. Na huyo Wanyonyi mwenyewe, tuliyemtaja kwa njaa, mwaka 2022 alikuwa wa nne duniani kule Eugene, hajafikisha miaka 18. Nafasi hiyo ya nne hainitoki akilini. Ndiyo nafasi chungu kuliko zote, hatua moja tu nje ya medali, katika umri ambao neno moja la mtu mzima hukaa moyoni miaka. Mwaka 2023, Budapest, akapata medali ya fedha. Mwaka 2024, Paris, dhahabu ya Olimpiki kwa 1:41.19, akimpita wa pili kwa sehemu moja ya mia ya sekunde.

Ni kweli, hawa ndio waliofika. Walioacha njiani hatuwaulizi, iwe walilelewa kwa ukali au kwa upole, kwa hiyo hakuna upande wenye ushahidi kamili. Hata hivyo, Eliud Kipchoge, bingwa wa dunia wa mita 5,000 akiwa na miaka 18, aliyekosa timu ya Olimpiki ya London 2012 na mwaka uliofuata akahamia marathoni, huandika mazoezi yake daftarini. Daftari ni bei ya soda. Natamani kocha wa shule, mbio za kaunti zikiisha, kabla hajambeba wa kwanza mabegani, amkalishe wa nne kwenye nyasi amuulize: ulianza kulegea wapi, na ulikuwa unawaza nini?